Nyoka Mweupe Ana Wazazi Gani? Majina na Jeni za Rangi kwa Chatu na Boa wa Kufugwa

Tangazo la nyoka wa kufugwa huko Marekani au Ulaya huwa mstari mmoja tu: "0.1 Pastel Mojave, 100% het Pied, 66% het Clown." Anayelifungua kwenye simu hapa Mombasa, awe Likoni au Kisauni, huona picha ya chatu mwenye manjano ya kupendeza, kisha maneno yanampita. Mstari huo una mambo matano, na picha inaonyesha mawili tu. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya madume na ya pili ni majike, kwa hiyo 0.1 ni jike mmoja. Ikiwapo ya tatu, hiyo ni ya wasiojulikana jinsia. Pastel na Mojave zinaonekana mwilini. Pied haionekani, lakini nyoka anaibeba bila shaka, kwa sababu mmoja wa wazazi wake ni Pied mwenyewe. Clown ni bahati: huenda anaibeba, huenda haibebi.

Watu wengi husoma mstari huo kwa kufuata uzuri wa majina. Kwangu jina ndilo jambo la mwisho. La kwanza ni wazazi: ni nani, wametoka ukoo gani, na jeni yao inarithiwa kwa njia ipi. Ukiyajua hayo, jina unaweza kulitabiri mwenyewe. Usipoyajua, jina halikupi kitu.

Sheria isemwe wazi mapema. Chatu na boa wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kwetu Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumshika nyoka wa porini, kumfuga wala kumuuza bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Ndiyo maana mwenyeji wa Mombasa anayetaka kumtazama nyoka kwa karibu huenda kwenye kituo kama Haller Park kule Bamburi. Haya yaliyoandikwa hapa yanawafaa wanaofanya kazi kwa kibali, wanafunzi wa baiolojia, na kila anayetaka kujua rangi zile za kwenye picha zinatoka wapi.

Nyoka aliyebadilishwa rangi kuliko wote katika ufugaji ni chatu mpira, Python regius. Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati anayejikunja duara akiogopa. Kwa miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimemsafirisha kwa wingi kwenda ng'ambo, na ndani ya mizigo hiyo mara chache alitokea mmoja wa rangi isiyo ya kawaida. Hao wachache ndio mababu wa mofu karibu zote za leo, yaani aina za rangi au mchoro zinazorithiwa. Bob Clark, mfugaji wa Marekani, alithibitisha mwaka 1992 kwamba ualbino wa chatu huyu unarithiwa. Mfugaji mwingine, Peter Kahl, alithibitisha Pied, yaani mwenye mabaka meupe, mwaka 1997. Nyoka wa mahindi wa Marekani alitangulia: dume albino alikamatwa North Carolina mwaka 1953, na uzao wake ukawa msingi wa kazi ya Bernard Bechtel, aliyefaulu kuangua watoto albino mwaka 1961.

Ngozi ya chatu ina aina tatu za seli za rangi. Melanofori hutengeneza melanini, ambayo ni weusi na ukahawia. Zanthofori hubeba manjano na wekundu. Iridofori hazina rangi yake zenyewe. Ndani yake mna fuwele ndogo zinazorudisha mwanga. Jeni moja ikibadilika, huenda kemikali ya rangi isitengenezwe, huenda seli zenyewe zisifike mahali pake mtoto anapokua ndani ya yai, au zifike lakini zijipange kwa mchoro mwingine. Kwa hiyo nyoka wawili weupe wanaweza kuwa weupe kwa sababu mbali kabisa. Watu wa Pwani wanajua jinsi nyoka mweupe anavyozusha mazungumzo ya majini; jibu la baiolojia huanzia machoni. Albino hana melanini, lakini manjano yake yamebaki na macho yake ni mekundu. Mwenye mwili mweupe wote na macho ya buluu ni jambo jingine: melanini anaweza kuitengeneza, ila seli za rangi hazimo ngozini. Pied ana rangi yake kamili pale ilipo, na penginepo hana kabisa. Mwaka 2023 watafiti walihusisha Pied na jeni iitwayo tfec, inayoongoza ukuaji wa seli hizo.

Urithi wenyewe si mgumu. Kila nyoka ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kuna jeni za kujificha: Albino, Pied na Clown hazionekani mpaka nakala zote mbili ziwe zimebadilika. Mwenye nakala moja ni mbebaji, na tangazo humwita het. Kuna nyingine ambazo nakala moja tayari inaonekana, na nakala mbili zikatoa sura ya tatu. Pastel mmoja ni wa manjano yaliyokolea. Pastel kwa Pastel hutoa Super Pastel, aliyekolea zaidi. Wafugaji huziita hizi kodominanti. Kwa kweli kodominanti ni pale nakala mbili zinapoonekana pamoja bila kuchanganyika, kama kundi la damu la AB kwa binadamu; hizi za chatu ni za utawala usiokamilika. Neno limeshazoeleka na sitegemei kuling'oa, ila mwanafunzi anayejibu mtihani asilinakili.

Hesabu ndiyo inayowaumiza watu. Mbebaji kwa mbebaji, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto wa rangi inayotafutwa. Chatu mpira hutaga mayai machache, mara nyingi kama sita. Nafasi ya mayai yote sita kutoka kawaida ni takriban asilimia 18, na hilo si kosa la mtu. Ukitafuta jeni mbili za kujificha kwa pamoja, nafasi inashuka hadi 1 kati ya 16, na mayai sita yatakunyima mara mbili kati ya tatu. Ile 66% nayo inatoka hapo hapo: katika watoto wa mbebaji kwa mbebaji, ukiwaondoa wenye rangi, watatu kati ya wanne wanabaki na sura ya kawaida, na wawili kati ya hao watatu ni wabebaji. Hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha. Wapo wanaodai kuona alama ndogo mkiani za mbebaji wa Pied. Alama hizo huwapo pia kwa nyoka wasiobeba kitu. Njia ya kuthibitisha ni kumpandisha jike anayedhaniwa kuwa mbebaji kwa dume mwenye rangi yenyewe. Mtoto mmoja tu wa rangi akitokea, jambo limekwisha. Wakitoka saba na wote ni wa kawaida, nafasi ya mbebaji kuzaa hivyo ni 1 kati ya 128, na hapo unaweza kumfuta kwenye orodha.

Ila hesabu hii inakubali tu ikiwa baba anajulikana. Jike wa chatu anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, na wamewahi kuonekana majike waliotaga mayai yenye uhai bila dume kabisa. Mfugaji anayeingiza madume wawili kwa jike mmoja katika msimu mmoja amejipotezea ukoo, hata akiandika tarehe zote.

Majina ya sokoni hayana msajili. Nyoka wa rangi mpya hupewa jina na yule aliyemthibitisha au aliyewahi kumuuza kwanza, na hakuna anayelazimika kuangalia kama jeni hiyo tayari ina jina jingine. Kwa hiyo makosa huja kwa pande mbili: jina zaidi ya moja kwa jeni moja, na jina moja kwa jeni zaidi ya moja. Banana na Coral Glow ni jeni ile ile kutoka koo mbili. Lesser na Butter wengi sasa wanazichukua kuwa kitu kimoja. Haya hugharimu fedha tu. Upande wa pili ndio unaopoteza miaka. Axanthic, yaani nyoka aliyekosa manjano akabaki kijivu na mweusi, ana koo kadhaa zinazofanana machoni lakini hazioani: ukoo wa VPI ukipandishwa na wa TSK, watoto wote hutoka kawaida. Aliyelea watoto wawili wa Axanthic kwa miaka mitatu mpaka wakafika umri wa kuzaa, kisha akaangua nyoka wa kahawia watupu, hakukosea hesabu. Alinunua jina bila ukoo.

Albino ndio mfano uliofafanuliwa vizuri zaidi, kwa kuwa mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba uliotumia hata magamba waliyojivua nyoka wa wafugaji. Albino wa kawaida ana hitilafu katika jeni ya TYR, inayotengeneza kimeng'enya cha kwanza katika kazi ya melanini. Lavender Albino, mwenye rangi ya zambarau iliyofifia, hitilafu yake iko kwenye jeni nyingine, OCA2. Ya mofu ya Ultramel iko kwenye jeni ya TYRP1. Hao ni majirani kwa sura, ila ukimpandisha Albino kwa Lavender utapata watoto wenye weusi wao kamili, kila mmoja akibeba jeni mbili tofauti. Candy na Toffee, kinyume chake, majina yao hayafanani na Albino hata kidogo, nazo ziko kwenye TYR ile ile. Albino kwa Candy hutoa mtoto mwenye rangi hapo hapo, kwa vile kila nakala aliyopata ina kasoro. Kama ungefuata majina ungepandisha isivyofaa mara zote mbili.

Kundi la weupe wenye macho ya buluu linafuata mantiki hiyo. Lesser, Mojave, Mystic, Phantom na Russo ni aleli, yaani matoleo tofauti, za jeni moja, EDNRB1. Nyoka ana nafasi mbili tu za jeni hiyo, kwa hiyo hawezi kuwa na Lesser, Mojave na Mystic kwa wakati mmoja, na tangazo linalomtaja mwenye zote tatu ni la kupuuzwa. Mojave kwa Mojave hutoa mweupe mwenye kijivu kichwani. Lesser kwa Lesser hutoa mweupe safi, lakini macho mara nyingine hutokeza kupita kiasi. Lesser kwa Mojave hutoa weupe safi bila shida hiyo ya macho, na mimi ningechagua huo kila mara.

Banana ina jambo lake la pekee: iko kwenye kromosomu ya jinsia. Chatu wana X na Y (dume ana X na Y, jike ana X mbili), jambo lililothibitishwa mwaka 2017 baada ya vitabu kusema kwa miongo kwamba nyoka wote wana Z na W. Dume wa Banana aliyepata jeni hiyo kwa mama anaibeba kwenye X, na watoto wake wa Banana watakuwa majike karibu wote. Aliyeipata kwa baba anaibeba kwenye Y, na watoto wake wa Banana watakuwa madume karibu wote. Wachache huvuka, kwa sababu kromosomu hizo hubadilishana vipande. Kwa hiyo dume wa Banana asiyejulikana mzazi wake yupi alikuwa Banana ana thamani ndogo kwa mfugaji, hata akipendeza vipi.

Sasa Spider, na hapa sina la kupunguza. Ni mofu iliyoenea tangu mwisho wa miaka ya 1990, yenye mistari myembamba myeusi juu ya kahawia, na jina lake linajificha ndani ya majina mengine: Bumblebee ni Pastel na Spider, Killer Bee ni Super Pastel na Spider. Kila Spider ana tatizo la mizani. Wengine kichwa kinatikisika kidogo wakati wa kula. Wengine hugeuka chali wasijue juu ni wapi, wakakosa panya mara tatu kabla ya kumpata. Picha za ndani za mifupa zimeonyesha kwamba sehemu ya sikio la ndani imeumbika vibaya. Mchoro na kasoro vinatoka kwenye jeni moja, kwa hiyo kuchagua wazazi wenye kutikisika kidogo hakuondoi kitu: mzazi mwenye hali nafuu huzaa mtoto mwenye hali mbaya. Spider wa nakala mbili hajapatikana hai. Champagne ina hali ya jamii hiyo, na kuichanganya na Spider huua watoto. Super Cinnamon hutoka mara nyingi na pua bapa kama ya bata na uti uliopinda. Jeni ya Desert majike wake hushindwa kutaga, na wengine wamekufa wakijaribu. Anayejua haya hana sababu ya kupandisha Spider hata mara moja zaidi. Mchoro mzuri upo kwa jeni nyingine nyingi zisizomtesa mnyama.

Wengi hawajui kwamba katika masoko hayo ya ng'ambo yumo nyoka wetu. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukaipita Mariakani na nchi ikaanza kukauka kuelekea Voi, umeingia nchi ya boa wa mchangani, Eryx colubrinus. Ni mfupi na mnene: jike hupita sentimita 60, dume hubaki karibu 40. Ana mabaka ya kahawia nyeusi juu ya rangi ya machungwa, na hukaa amejizika huku macho tu yakichungulia. Marekani anauzwa kwa jina la boa wa Kenya, kwa mofu za Albino, Anery na Snow, na uko hata ukoo uitwao Dodoma. Anery amekosa wekundu, akabaki mweusi na mweupe. Albino amekosa weusi, akabaki machungwa na meupe. Zote mbili ni za kujificha, na Snow ni mwenye zote mbili kwa pamoja. Boa huyu hatagi, huzaa, na kwa mimba ya watoto 12 wa wazazi wabebaji wa jeni zote mbili, nafasi ya kupata angalau Snow mmoja ni kama asilimia 54.

Kwa anayemtunza huyu Mombasa kwa kibali, adui ni unyevu wetu. Ni nyoka wa nchi kavu, na sakafu yenye unyevu humwozesha magamba ya tumboni. Maranda ya mbao yawe makavu kabisa, yasiyo na harufu kali ya utomvu, kina cha sentimita 5 hadi 8 ili ajizike. Yabadilishwe mara yanapolowa. Chombo cha maji kiwe kidogo na kizito asikipindue. Wala mtu asiende kuchimba mchanga wa Tsavo akitafuta wa rangi. Ni kosa la jinai, na wa rangi ya ajabu porini ni mmoja katika wengi mno.

Kwa chatu mpira, shida ya Mombasa ni joto. Mayai yanataka nyuzi 31 hadi 32, kwa siku 55 hadi 60. Usiku wa baridi kidogo ndio unaoamsha hamu ya kupandana, na kwetu hiyo ni miezi ya Kusi, Julai na Agosti. Toka kupandana hadi kutaga ni miezi minne hadi sita, kwa hiyo mayai huangukia Kaskazi, wakati chumba chenyewe kinafika nyuzi 32 mchana. Hapo ndipo watu huharibikiwa: kidhibiti joto kinaweza kuwasha hita na kuizima, hakiwezi kupoza. Boksi la foamu la kubebea samaki ni zuri kwa kutunza joto, lakini liwekwe sakafuni katika chumba cha chini kisichopigwa na jua la alasiri, na kipimajoto kiwe kando ya mayai, si ukutani. Ndani weka chupa za maji zilizojaa ili joto lisibadilike ghafla. Stima ikipotea usiku na mayai yakashuka hadi nyuzi 27 kwa saa chache, kinachopotea ni muda tu. Yakipanda kupita 34, watoto huanza kupinda uti au kufa ndani.

Yai lisigeuzwe. Siku ya kwanza kiinitete hujishikiza juu, kwa hiyo weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulihamisha. Vermikulaiti, madini mepesi yanayoshika maji, ichanganywe na maji kwa uzito sawa, kisha ikamuliwe kwa mkono mpaka isitoe tone. Katika hewa yetu ni rahisi kuzidisha maji kuliko kupunguza, na matone yanayoanguka kutoka kifunikoni huua yai linaloloweshwa. Inamisha kifuniko ili yateremke pembeni.

Joto hilo hilo hudanganya kuhusu rangi. Mayai yaliyopata joto baya hutoa watoto wenye mistari mgongoni au mabaka yaliyoungana, na mtu akakimbilia kuwapa jina jipya. Mchoro wa joto haurithiwi. Hata nyoka anayeitwa Paradox, mwenye madoa meusi juu ya ualbino, kwa kawaida hazai wenzake. Anayedai ana mofu mpya amkuze nyoka huyo, ampandishe kwa nyoka wa kawaida wa ukoo mwingine, kisha atazame. Nusu ya watoto wakitoka kama yeye, jeni inaonekana kwa nakala moja. Wasipotoka, achukue binti mmoja ampandishe kwa baba. Ikiwa ni jeni ya kujificha, nusu ya kizazi hicho itaonyesha. Jike anahitaji kufika takriban gramu 1,500 na umri wa miaka mitatu, kwa hiyo uthibitisho kamili hauwezi kuwa wa msimu mmoja.

Kila mtoto apigwe picha mara mbili: akimaliza kujivua gamba la kwanza, siku 7 hadi 10 baada ya kuanguliwa, na tena akifika mwaka. Pastel wengi hufifia wakawa kahawia, na picha ya mtoto haimtambulishi tena akikua. Mpe namba, si jina. Kwenye kadi yake andika namba za wazazi wote wawili, tarehe, uzito, kila jeni pamoja na ukoo wake, na kando ya kila jeni moja ya maneno matatu: inaonekana, imethibitishwa, au inawezekana. Gamba alilojivua likaushwe kivulini kwa siku nzima likitandazwa juu ya karatasi, kisha litiwe kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ile ile. Mfuko wa plastiki hapa Mombasa huota ukungu ndani ya siku chache, na gamba lenye ukungu maabara haliwezi kulisoma.